Pemba ya Marie-Jeanne

Zamani kidogo, katika vijiji vya upande wa Wamaza, mwanamke akianza kutapika asubuhi na kuikimbia harufu ya mafuta ya mawese, hakuna aliyemuuliza ana nini. Walimwambia tu aende kwa Mama Aurélie. Huyo ndiye Marie-Jeanne, mjane, mkulima wa mpunga na muhogo, ambaye tangu ujana wake aliwauzia wajawazito pemba, ule udongo mweupe wa kula.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake. Walichimba kwenye kona ya kijito cha Lumbwe, mahali ambapo ukingo umekatika na kuacha tabaka jeupe chini ya lile jekundu. Marie-Jeanne aliutoa udongo kwa kisu, akachambua mizizi na changarawe, akautwanga, akaukanda kwa maji ya chumvi kidogo na kuuviringa vipande vya ukubwa wa kidole. Vikikauka juani, alivitundika juu ya jiko mpaka vinukie moshi. Ukiuma kipande, kinavunjika mdomoni na kuacha ladha ya ukuta wa udongo uliomwagiwa maji. Wanawake waliapa kwamba pemba yake inashusha kichefuchefu na kulituliza tumbo. Mwenyewe alikula alipobeba mimba ya Aurélie, bintiye wa pekee, na mama yake alikula alipombeba yeye.

Kisha dhahabu ikaonekana huko juu, karibu na chimbuko la Lumbwe. Watu wakaja kutoka Walungu, Shabunda na kwingineko, wakasimamisha vibanda vya miti na turubai, wakachimba. Kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakulima walinung'unika, lakini wachimbaji walinunua mchele na sombe, yale majani ya muhogo ya kupika, na wake zao nao walipata mimba kama wake wa watu wote, kwa hiyo biashara ya pemba ikakua. Marie-Jeanne alipoona ukingo umepakwa tope la kahawia, alizidisha kuchimba kwa ndani na kuchambua kwa makini. Alijiambia kwamba maji yanapita, udongo unabaki.

Miongoni mwa wateja wake wapya alikuwa Nsimire, mke wa mchimbaji mmoja aitwaye Bisimwa. Mama yake alikuwa mbali, Walungu, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa akija kununua pemba, akabaki kumsaidia Marie-Jeanne kupepeta mchele, wakaongea hadi jua lipungue. Taratibu akaanza kumwita mama bila kuongeza jina la mtu. Marie-Jeanne naye alimpenda. Kila mara alipomfungia pemba yake kwenye jani la mgomba, alimwongezea vipande viwili vitatu, kama mama anavyomwongezea mtoto mchuzi.

Ilikuwa katika majira ya mvua ambapo Nsimire alikuja akiwa amekonda, tumbo limemtangulia na mashavu yameingia ndani. Hakutaka kukaa. Alishika nguzo ya baraza.

"Mama, tumbo yangu haipokee kitu," alisema. "Leo naharisha, kesho inafunga kabisa. Nikikula, iko inachoma. Na kinywa yangu iko na ladha ya chuma, kama vile nimelamba panga."

"Tangu lini?"

"Siku mingi. Nilisema ni mimba. Pemba tu njo inanituliza."

Alipofungua kinywa, Marie-Jeanne aliona damu kwenye fizi. Akamuuliza kama mtoto anacheza. Nsimire akasema anacheza, lakini si kama zamani. Marie-Jeanne hakungoja zaidi. Alifunga kitenge kingine kiunoni, akamshika mkono, wakaenda kwa miguu hadi kituo cha afya.

Muganga wa pale, kama watu wanavyomwita muuguzi, alikuwa Safia, mwanamke wa Kasongo, mtaratibu, asiyemkaripia mgonjwa. Alimpima Nsimire, akasikiliza moyo wa mtoto, akachukua choo na kukiangalia kwenye darubini yao ya zamani. Akaona mayai ya minyoo. Kisha akaanza kuuliza: unakunywa maji gani, unapikia wapi, bwana yako iko anafanya kazi gani, na wewe mwenyewe unafanya nini?

Kwa hili la mwisho Nsimire aliinamisha kichwa. "Napika tu," alisema.

"Unapika nini?"

Safia akaweka kalamu chini. "Mutoto wangu, mimi si polisi. Hapa kila mutu anajua Bisimwa iko na dhahabu. Nani anaichoma?"

Machozi yakamtoka. Kule kambini dhahabu haichomwi nje. Anayechoma nje anaonwa, na anayeonwa anavamiwa. Wachimbaji huchanganya mchanga wao na zebaki, ile wanayoiita mercure kwa Kifaransa. Inashikana na dhahabu na kuwa donge la kijivu, kisha donge hilo linawekwa motoni mpaka zebaki ipae kuwa moshi na dhahabu ibaki. Bisimwa alimwamini mkewe kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo Nsimire ndiye aliyechoma, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwenye jiko lile lile alilopikia bugali. Alikuwa na mkono mwepesi. Hata wenzake Bisimwa walimletea madonge yao.

"Huo moshi hauna harufu kali, kwa hiyo mutu haogope," Safia alisema. "Lakini ni sumu. Inaingia kwa mapafu, inaingia kwa damu, inafika kwa mutoto. Inashuka kwa sufuria na kwa chakula. Fizi kutoka damu na ile ladha ya chuma, naona ni hiyo. Minyoo ni jambo ingine, nitakupa dawa. Lakini ukiendelea kuchoma, dawa yangu ni kazi bure."

Halafu akauliza swali la mwisho, kwa sauti ya mtu anayekaribia kumaliza. "Unakula pemba?"

"Kila siku."

"Ya wapi?"

Nsimire alimtazama Marie-Jeanne, naye Marie-Jeanne aliona kwamba binti yule alikuwa tayari kudanganya kwa ajili yake.

"Ni yangu," alisema Marie-Jeanne. "Naitoa Lumbwe."

"Juu ya machimbo ao chini?"

"Chini."

Safia aliwaeleza kwamba wachimbaji wakiosha dhahabu, zebaki nyingine inaponyoka na kushuka na maji, na udongo laini ni kama sifongo, unanyonya kila kitu. Tena kambi nzima haina vyoo. Mvua ikinyesha, uchafu wote unashuka kwenye ukingo ule ule. Alisema kwamba ndani ya utumbo wa mtu wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na wengi wao si adui. Wanatusaidia kusaga chakula na kuwafukuza wale wabaya, na mtoto anapozaliwa anapokea wa kwanza wao kutoka kwa mama yake, kama mbegu. "Waliosoma sana bado wanayatafuta haya," alisema. "Ila hili wanaliona: sumu na uchafu vinawaharibu wale wazuri, na mama anayeharisha miezi yote hapati nguvu ya kumulisha mutoto ndani."

"Kwa hiyo pemba yangu iko na sumu?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Siwezi kuapa, mama. Hapa hatuna mashini ya kupima. Lakini kama ingekuwa mutoto yangu, nisingemupa."

Njiani kurudi, walipofika njia panda, Nsimire alitaka kusema neno, Marie-Jeanne akamwambia tu, "Enda pole pole, usiteleze." Kisha miguu yake ikaanza kukimbia yenyewe. Maana Aurélie alikuwa Kasongo, ameolewa na mwalimu, naye alikuwa mjamzito. Wiki chache kabla, Marie-Jeanne alimtumia mfuko mzima wa pemba kwa mwenye pikipiki.

Alipanda kilima ambako simu hushika mtandao. Simu ya Aurélie ilikuwa imezimwa. Akajaribu mpaka betri yake mwenyewe ikaisha. Kulipopambazuka aliuza gunia la mpunga kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, akapanda pikipiki. Mvua ilikuwa imekata barabara mahali pengi. Mara kadhaa alishuka kusukuma, tope likimfika magotini, naye hakulalamika hata mara moja, mpaka dereva akamuuliza kama anaenda kwenye msiba.

"Bado," alijibu. "Naenda kuukataa."

Aurélie alikuwa uani anafua. Alipomwona mama yake ametapakaa matope aliruka kwa furaha, na alipocheka, Marie-Jeanne aliona weupe wa pemba kwenye meno yake.

"Iko wapi?" Marie-Jeanne aliuliza, bila hata salamu.

"Nini, mama?"

"Pemba. Ile nilikutumia. Ulete yote."

Aurélie alidhani ni mzaha. Alipoona mama yake anaingia ndani na kupekua vikapu, akamfuata. "Mama, kuna nini? Ni wewe mwenyewe ulinitumia. Ni kitu kimoja tu tumbo yangu inapokea!"

Marie-Jeanne aliukuta mfuko chini ya kitanda, umebaki nusu. Akaupeleka chooni na kuumwaga. Aurélie alilia kama mtoto aliyenyang'anywa titi, akamwita mama yake mkatili, akasema ameingiliwa na dini za watu zinazokataza kila kitu. Ndipo Marie-Jeanne akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kumweleza yote: juu ya Nsimire, juu ya maji ya Lumbwe, juu ya alichosema muganga. Alipofika mahali pa kusema "mimi ndiye niliyewapa," alianza kukwangua matope miguuni mwake.

Aurélie aliacha kulia. Aliweka mkono tumboni. "Sasa mutoto yangu itakuwa je?"

"Sijue. Tuende hospitali wakupime. Na mimi nitakaa hapa."

Alikaa hadi mwezi ukaisha. Hospitali walisema mtoto anakua vizuri, ila mama ana upungufu wa damu. Wakampa vidonge, wakasema pemba nyingi huizuia damu kupata nguvu ya chakula, hata ikiwa safi. Marie-Jeanne akaanza kumpikia. Kichefuchefu kilipokuja alimpa maji ya tangawizi na kipande cha ndimu, au muhogo mkavu uliochomwa, kwa sababu meno ya Aurélie yalitamani kutafuna kitu kikavu. Alimpikia majani ya lengalenga, maharagwe, samaki wadogo wa mtoni kutoka Nyangwe. Siku za kwanza Aurélie alitapika na kununa. Siku moja alimaliza sahani na kuomba nyingine, na mama yake akageuka upande wa ukuta ili asionwe uso.

Aliporudi nyumbani aliwakuta wanawake wanamngoja. Wengine walikuwa na matumbo makubwa. "Mama Aurélie, umetutupa! Pemba iko wapi?"

Angeweza kusema imekwisha. Watu wangeamini, na jina lake lingebaki zuri. Alifikiri hivyo siku mbili tatu, akipalilia muhogo wake. Lakini alijua kwamba akinyamaza, mwingine atachukua kisu na kwenda kwenye kona ile ile ya kijito. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, aliomba kwa mkuu wa kapela, lile kanisa dogo la kijiji, apewe nafasi ya kusema neno. Alisimama mbele, mikono nyuma, mwanamke ambaye hajawahi kusimama pale isipokuwa siku ya ndoa yake.

"Ndugu zangu," alisema, "pemba ya Lumbwe musile tena. Yangu na ya mwengine yote. Maji ya machimbo imeingia ndani yake. Muganga anasema inaweza kuumiza mama na mutoto. Mimi niliwauzia na sikujua. Sasa najua, njo maana nawaambia."

Minong'ono ikaenea. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba bibi zetu walikula pemba na tulizaliwa. Marie-Jeanne akamjibu kwa heshima kwamba bibi zetu walikula ya kijito kingine, ingawa jina ni lile lile. Ndipo akasimama Dieudonnée, mke wa jirani yake. Mwaka uliopita mimba yake ilitoka ikiwa kubwa, na tangu siku ile watu walizoea kumwona anapita bila kuangalia huku wala huku.

"Mama Aurélie," alisema, "ile mimba yangu, ni pemba yako?"

Watu wote wakageuka kumtazama Marie-Jeanne.

"Sijue, mwanangu," alisema Marie-Jeanne. "Kama ningejua kwamba si hiyo, ningekuambia mbio. Kama ningejua ni hiyo, ningekuambia pia. Sijue. Na sitajua."

Dieudonnée alichukua kitenge chake akatoka. Tangu siku hiyo hakumsalimu tena, na Marie-Jeanne hakumlaumu. Maneno mengine yalitembea kijijini: kwamba wachimbaji wamemnunua ili waupate ukingo wa kijito, kwamba anaficha pemba apandishe bei. Aliyasikia yote mtoni na sokoni. Yalimuuma, lakini la Dieudonnée ndilo lililomwamsha usiku.

Wakati huo Nsimire alikuwa bado kambini. Alimwomba mumewe ahamishe moto, Bisimwa akakataa. Marie-Jeanne akaenda naye kumwona. Bisimwa hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akawaletea ndizi mbivu. Lakini alisema, "Mama, nikichoma inje, watu wote wataona niko na nini. Wataniua. Sasa munataka mutoto azaliwe yatima?"

"Na ukichoma ndani?" aliuliza Marie-Jeanne.

"Wake wote wa hapa wanachoma ndani, na wanazaa."

Nsimire alisimama, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye beseni. Bisimwa akamuuliza anafanya nini.

"Sigombane na wewe, Baba," alisema. "Dhahabu nilichoma kwa sababu ulinituma na nilikubali. Mutoto huyu hakukubali kitu. Nitaenda kukaa kwa mama huyu mpaka nizae."

Akaenda. Alilala chumba cha Aurélie cha zamani, akanywa maji ya chemchemi ya juu ya kijiji yaliyochemshwa, akala alichokula Marie-Jeanne. Hakupona kwa mara moja. Tumbo liliendelea kumsumbua, na kulikuwa na siku alipotamani pemba mpaka akaukwaruza ukuta kwa ukucha na kulamba. Marie-Jeanne alimwona, hakumgombeza. Alimletea muhogo mkavu, wakatafuna wote wawili.

Bisimwa alikuja kumwona, mara ya kwanza akiwa amevimba kwa hasira, mara ya pili na sabuni. Mara ya tatu alimkuta mkewe anakula. Ilikuwa mchele na sombe ya karanga, sahani imejaa. Nsimire alikula yote, akapangusa sahani kwa kidole, akaomba kuongezewa. Bisimwa alikaa akimtazama tu. Hakuwa amemwona akila hivyo tangu mimba ianze. Aliporudi siku nyingine alimwambia Marie-Jeanne, akiangalia pembeni, "Nimetoa moto ndani ya nyumba."

Alikuwa amekubaliana na wenzake watatu kujenga kibanda kisicho na kuta, mbali na vibanda vya kulala, wawe wanachomea pale mchana, wote pamoja, kila mmoja mlinzi wa mwenzake. Wake na watoto wasifike. Tena walichimba shimo la kuoshea mchanga, ili maji yasitiririke moja kwa moja Lumbwe. Wachimbaji wengine waliwacheka na kuendelea kama zamani. Safia alipoambiwa alisema ni vizuri kuliko jana, ila hata wanaume wana mapafu, na shimo likijaa mvua litamwagika tu. Hakutaka kuwadanganya kwamba jambo limekwisha.

Nsimire alijifungua msichana mdogo, mwepesi kama kuku, lakini alilia kwa nguvu na kunyonya siku ile ile. Wakamwita Sagesse, yaani hekima kwa Kifaransa. Baadaye kidogo habari ikatoka Kasongo kwamba Aurélie amepata mvulana. Marie-Jeanne alicheza kwenye ua wake mbele ya watu, na wale waliomsema vibaya walikuja kupiga vigelegele. Walimpa kuku na mafuta. Alipokea yote.

Hata hivyo hakutulia moyoni. Sagesse alipoletwa alimwangalia macho kama yanafuata kidole, alimpa kijiko cha mti aone kama anakishika barabara. Alipochelewa kukaa, Marie-Jeanne hakulala vizuri mpaka alipokaa. Alimuuliza Safia kama hatari imepita, naye Safia akamjibu kwamba mtoto anaendelea vizuri na waendelee kumleta kliniki. Jibu hilo alilibeba kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, bila kuuweka chini na bila kuukimbiza.

Siku hizi analima bustani ya lengalenga, bilinganya na tangawizi karibu na chemchemi. Tangawizi inauzika, si kama pemba. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili anachimba bado Lumbwe, na wapo wanaonunua kwake. Marie-Jeanne amekwenda kuongea naye zaidi ya mara moja, na ataenda tena.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, alikuwa anapalilia alipoona mtu amesimama kwenye ukingo wa bustani. Alikuwa Dieudonnée. Hakusalimu. Alisimama kwa muda, mkono mmoja juu ya tumbo ambalo bado halijaonekana.

"Natapika kila asubuhi," alisema hatimaye. "Sasa nikule nini?"

Marie-Jeanne aliweka jembe chini. Alitaka kumkumbatia, akajizuia, kwa kuwa hakuombwa hilo. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kwanza tuende kwa Safia akupime damu," alisema. "Tukirudi, nitakupikia uji."

Dieudonnée alifikiri, kisha akatangulia njiani, na Marie-Jeanne akamfuata.